Nilivyomzulia Zuhura kwa Ajili ya Waifai

Mnicheke tu, ila mwenyewe bado naona haya. Tulikuwa wanawake sita katika fleti moja ya Discovery Gardens, huku Uarabuni tulikokuja kufanya kazi, na rauta ya waifai ilikaa chumbani kwa Zuhura, dada wa Unguja. Simu yangu ilikuwa ya kubonyeza, kwa hiyo ni laptopu tu iliyoniunganisha na nyumbani.

Usiku mmoja wa Ramadhani tuligombana juu ya zamu ya jiko. Kesho yake jioni nikarudi kutoka kazini, nikafungua laptopu, mtandao hakuna. Nikaizima, nikaiwasha. Hata alama ya waifai haikuonekana kwenye kioo. Mtu mwenye akili angeikagua mashine. Mimi niliona mkono wa Zuhura.

Nikaibeba laptopu, nikaenda kugonga mlango wake kwa kiganja hadi wenzetu wote wakatoka.

"Umenikatia mtandao kwa sababu ya jiko? Na unajiita mtu wa kufunga!"

Zuhura hakupandisha sauti. "Hebu nipe hiyo mashine, dada."

Akapapasa ubavuni, akasukuma kiswichi kidogo. Bila shaka nilikigusa mwenyewe asubuhi nikifuta vumbi. Taa ya waifai ikawaka.

"Khalas, imeisha," akasema, akanirudishia.

Wote walikuwa wameinamia kioo ujumbe ulipoingia. Ulikuwa wa mchana, umetoka kwa Zuhura:

"Dada, ukirudi usipike. Futari yako nimeifunika jikoni. Ya jana yaishe."