Roshani ya Nyumba ya Mjerumani

Yustina alikuwa na mdomo, jamani! Mnyamwezi aliyeletwa Morogoro na baba yake, fundi wa kiwandani Mzinga, akaishia kufagia ile nyumba ya Mjerumani iliyojengwa ukingoni mwa genge, kwenye shamba la zamani la kahawa, huku juu Uluguru. Wageni waliokuja kuitazama waliletwa na Severin, Mluguru wa papa hapa. Basi Mnyamwezi na Mluguru ni watani, ikawa kutwa ni kutukanana.

"We Mluguru, hujafa tu?"

"Nife nimwachie nani mlima? Wewe, mtumwa wangu?"

Na walipendana, usione vile.

Jumamosi moja, Yustina alipokuwa anafagia roshani, ubao ulititia chini ya mguu wake. Akachungulia: boriti zimeliwa na mchwa, limebaki ganda tu. Chini yake ni bonde. Hajapata hata kamba ya kuzibia mlango, Severin huyo, keshaingia na wageni, anaelekea roshani kuwaonyesha mji ulio chini.

"Severin, usikanyage huko! Roshani imeoza!"

"Juzi ulisema kuna chatu," Severin alicheka. "Wageni, msimjali, huyu mtumwa wangu."

"Ndugu yangu, si utani! Haki ya Mungu si utani!"

Alipiga magoti, akang'ang'ania suruali ya Severin, machozi yanamtoka. Wageni wakatoa simu wampige picha. Maskini mwanamke wa watu, kadiri alivyolia ndivyo walivyozidi kucheka. Nani angemwamini? Mtani huyo alishawahi kulia hata harusini, ilimradi awaudhi watu. Severin akajinasua, akatoka nje kwa madaha. Mbao zikavunjika, akaenda nazo.

Makaburini, jeneza likiwa bado juu, Yustina alishuka kaburini akalala chali. Waombolezaji wakachangamka. Ndiyo ada yenyewe: mtani huzuia maziko mpaka apewe chochote. Wajomba wa marehemu wakamrushia sarafu.

"Haya, umeshinda. Toka!"

"Sitoki. Nifukieni."

Kicheko kikalipuka. Hata mama yake Severin, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu msiba uingie, alijifuta macho akacheka.

"Huyo ndiye mtani!" wakashangilia.

"Nifukieni, nawaomba," Yustina alisema, na sarafu zikazidi kumdondokea usoni.