Mabuti Yaliyonitosha Mwezi Juni

Juzi mwanangu alipozima mishumaa ya keki yake, moshi ulinijia puani, na kabla watu hawajamaliza kupiga makofi mimi nilikuwa nimesharudi ghorofa ya kumi na saba, mtaa wa St. James Town, vidole vya miguu vikiniuma. Wengine wakinusa mshumaa hukumbuka kanisa. Mimi hukumbuka pasi ya mama ikiyeyusha nta juu ya mbao mbili za skii, zile za kutelezea kwenye theluji, zilizolazwa kwenye meza ya chakula, na baba ameziinamia akiimba.

Kuimba huko ndiko kulikoniponza. Mama alisimulia kwamba kule Bukavu, Kongo, baba alikuwa mtu wa maneno na vicheko, lakini tulipofika Toronto, mimi nikiwa na miaka minane, alinyamaza. Alisafisha ofisi za watu katikati ya jiji, na akirudi alikaa kwenye dirisha lililofunguka upana wa kiganja tu, akitazama magari kule chini. Baridi ya kwanza ilipoingia, alitoka kwenda kazini na kanisani, basi. Tukafungiwa naye miezi mitano, watu watatu katika vyumba viwili, joto la mabomba ya kupashia nyumba likitukausha midomo.

Mwaka uliofuata akaokota kwenye taka za ofisi jarida la skii. Lilikuwa na picha za watu wakiruka vichuguu vya theluji vilivyojipanga mlimani, na wengine wamezama hadi kiunoni katika theluji laini kama unga wa muhogo. Alilisoma na kamusi pembeni, neno kwa neno. Mwezi Juni, watu wamevaa kaptula, akanipeleka duka moja la mitumba kule Parkdale, tukarudi na mbao, fimbo mbili na mabuti mekundu.

Sasa mnielewe. Kwetu mtoto hakununuliwa kitu cha kumtosha. Koti langu mikono ilikunjwa mara mbili, viatu vya shule vilijazwa karatasi mbele, na ukilalamika jibu lilikuwa moja: utakua. Lakini jarida lilisema buti la skii lazima likamate mguu sawasawa, na baba, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akamtii mzungu wa kwenye karatasi. Mabuti yalinitosha barabara. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba theluji ilikuwa bado mbali, na mguu wa mtoto haungoji.

Septemba vidole viligusa mbele. Oktoba vilianza kujikunja. Na kila Jumamosi baada ya kula, baba alipanga mito sakafuni toka mlangoni hadi jikoni, ndivyo vichuguu vyangu, nami nikafungwa yale mabuti kwa vifungo vyake vya chuma na kuanza kuruka.

"Magoti, mama, magoti," aliniambia. Mama ndilo jina aliloniita, kama wanavyowaita binti zao kwetu. "Kichwa kitulie, magoti yafanye kazi."

Jirani wa chini aligonga dari kwa ufagio. Baba alicheka mpaka akakaa. Mama, ambaye alitunza wazee mchana kutwa na alitaka utulivu tu, alisema hajapata kuona baba mzima anamfundisha mtoto kuruka mito, lakini naye alikuwa anatabasamu. Niliviona vicheko vile nikajua sina pa kupita. Nikisema mabuti hayanitoshi, atarudi dirishani.

Basi nilivaa soksi nyembamba za mama kwa siri, nikakata kucha mpaka damu. Kanisani Wakongo wenzetu waliniuliza, "Championi wetu, theluji ikuje lini?" Babu kule kwetu alishaandikiwa barua ya habari hiyo. Kila asubuhi baba alisikiliza utabiri wa hali ya hewa redioni, na mimi chini ya blanketi nikaomba theluji ianguke leo hii, mguu ungali unaingia, au isianguke tena duniani. Sikupewa hata moja. Mwaka ule ilichelewa, na mimi nilikua kama mchicha.

Siku moja mama alitusimulia habari za dada mmoja wa kwaya aliyeficha jino bovu mpaka shavu likavimba. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema, akaendelea kugawa maharage. Mimi nikashindwa kumaliza ugali.

Ilianguka Desemba. Jumamosi tukapanda basi kwenda kwenye kilima cha bustani moja ya jiji. Toka kituoni njia ilikuwa barafu tupu. Baba alibeba mbao bega moja, mkono wa pili akauweka begani kwangu na kuniminya. Tulikwenda polepole mno, watoto wenzangu wakitupita, nami nikadhani anataka kuifaidi siku yake.

Chini ya kilima nilikaa nikavaa. Buti la kushoto liliingia kwa taabu. La kulia baba alilisukuma, akabana kifungo, akabana tena, na mimi nikauma glavu. Akaniangalia usoni. Akakifungua kifungo, akavuta buti, akavua ile soksi ya mama. Kucha ya kidole gumba ilikuwa nyeusi.

"Tangu lini?"

Nilimjibu kwa Kiingereza, kama nilivyofanya kila nilipoogopa. "Since September."

Hakunigombeza. Alikaa kwenye theluji, akafungua koti, akaiweka miguu yangu tumboni mwake. "Mama," akasema, "mimi nilitaka uteleze. Sikutaka uumie." Tukawatazama watoto wa wenyewe wakishuka, kisha tukarudi, mkono wake uleule begani kwangu. Zile mbao tuliwapa majirani Warundi, na baba hakurudi dirishani kama nilivyohofia, ingawa mito ilikaa kitandani.

Nilikuwa nimeshaolewa mama aliponiambia mengine. Baridi ile ya kwanza baba aliteleza kwenye barafu kituo cha basi, akaanguka, akashindwa kuinuka. Basi lilipakia watu likaondoka. Alitambaa mpaka kwenye nguzo, akaja nyumbani, akamwapisha mama asiniambie, nisije nikaiogopa nchi. Tangu hapo barafu ilimtia hofu. Akaamua mwanawe ataicheza ile iliyomwangusha yeye.

Nikaukumbuka ule mkono. Nilidhani ananiongoza, kumbe alikuwa amenishikilia asianguke.

Siku hizi Jumapili mimi ndiye ninayempitia kwake kumpeleka ibadani. Baridi iliyopita tulitoka mlangoni, barafu imetanda, naye akaweka mkono begani kwangu, palepale. Nikamuuliza, "Baba, barafu unaiogopa tangu lini?"

Alikuwa anatazama chini, anachagua pa kukanyaga. Akatabasamu.

"Since September," akasema.