Jamvi Juu ya Maungio

Valerian alikuwa karani wa mizani ya pamba pale Ushirombo, na ubaya wake ulikuwa mmoja tu: hakuna kazi ya mikono aliyoitazama mara moja asijione fundi. Mwaka wa themanini na mbili mkewe, Mektilda, alijifungua mtoto wa kiume, Theonest, na ubatizo ukapangwa. Mama mkwe, Bibi Anisia, angetoka Rwamgasa kuja kumwona mjukuu. Hakuwahi kukanyaga pale tangu binti yake aolewe. Valerian akataka akute nyumba ya mtu anayeeleweka.

Mbele ya nyumba palikuwa na baraza fupi la zege, kazi ya fundi Sabiti. Valerian akapata kibali cha saruji, mifuko mitatu, akaamua kulirefusha mwenyewe mpaka njiani. Sabiti alipopita akasimama.

"Karani, zege jipya halishikani na la zamani ukingo ukiwa laini hivi. Uchonge kwa tindo mpaka ukwaruzike, toboa uingize vipande vya nondo, osha vumbi, lowesha. Na chini shindilia kifusi. Huu udongo wa mbuga hutitia mvua ikinyesha, si wa kuchezea."

"Fundi, mimi napima pamba ya kata nzima," Valerian akacheka. "Nishindwe na sakafu?"

Basi akamwaga. Hakuchonga, hakuosha, hakutia hata msumari. Akapaka uji wa saruji juu ya maungio, akalainisha kwa mwiko pakang'aa, akawaita majirani waje waone. Wakaona, wakasifu. Wiki tatu baadaye mvua zikanyesha. Sehemu mpya ikatitia, ikaachana na ya zamani, pakabaki ukingo wa vidole viwili na ufa wa kupitisha mjusi.

Angeweza kumwita Sabiti. Siku zilikuwepo, na saruji ilibaki nusu mfuko. Lakini amwite vipi, baada ya kujipiga kifua vile? Kila Sabiti alipopita, Valerian aliingia ndani akajitia hamnazo. Asubuhi ya kumpokea mgeni akachukua jamvi la chumbani, akalitandika juu ya maungio, akanyoosha pembe zake, akarudi nyuma kutazama. Hakikuonekana kitu.

Sasa, wenyeji wanajua: mkwe na mama mkwe hawasogeleani. Hawapeani mkono, hawatazamani usoni; akipita huku, wewe unapita kule. Kwa hiyo Valerian alipomwona Bibi Anisia anakuja na kikapu kichwani, alijibanza kwenye pembe ya nyumba kama adabu inavyotaka. Mektilda alikuwa uani anamwogesha mtoto. Bibi akapanda sehemu mpya. Zilibaki hatua nne kufika kwenye jamvi. Na kumpigia mtu kelele kwa mbali asiumie, hiyo haikatazwi na mila yoyote. "Mama, angalia hapo!" Maneno matatu tu! Yalimfika kooni. Kisha akawaza jamvi likifunuliwa mbele ya mkwe wake, akayameza.

Kidole cha bibi kikagonga ukingo chini ya jamvi. Loo! Kikapu kule, bibi huku, kifudifudi, mkono umelaliwa na kifua, jamvi limejikunja pembeni. Valerian alibaki pale pale. Hakumgusa, hakumwita mtu, mpaka Mektilda aliposikia kishindo akatoka mbio.

Kifundo cha mkono kilivunjika. Kesho yake, baada ya ubatizo, bibi alikaa barazani mkono umefungwa, watu wamemzunguka kumpa pole. Ndipo aliposema kwa sauti, wote wasikie: "Kuanguka ni uzee wangu. Ila mkwe nimepata! Nimelala chini pale, naye amesimama mbali, hakuvunja adabu. Wengine wa siku hizi wangenirukia."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mtu akampiga Valerian begani. Naye, Mungu amsamehe, akainama kinyenyekevu, akaipokea ile sifa.

Haikumkaa. Bibi alipokwisha kuondoka, Valerian alikwenda mwenyewe kwa Sabiti. Wakavunja sehemu mpya yote, wakachonga ukingo, wakatia nondo, wakashindilia kifusi. Sabiti hakumcheka hata kidogo, na hilo lilimuuma zaidi.

Jioni akamwambia mkewe, "Mama Theonest, mpelekee mama salamu zangu. Mwambie nilijua. Jamvi niliweka mimi, na nilimwona anakuja nikanyamaza. Haikuwa adabu. Niliona aibu."

Mektilda aliendelea kukunja nepi. "Jamvi la chumbani kwangu, Baba Theonest. Ulidhani sikuliona limekwenda wapi?"

"Basi mwambie mama."

"Nimwambie nini? Pua yake iliangukia kwenye ufa. Aliniambia siku ile ile, 'Mumeo alikuwa amefunika.' Nikalia. Akasema ninyamaze, watu wakiuliza atajibu yeye."

Valerian akatazama mikono yake, kucha bado zina saruji. Mwanamke aliyevunjika mkono kwa sababu yake alikuwa amemsitiri mbele ya kijiji kizima, na mila haikumruhusu hata kwenda kupiga magoti mbele yake akasema, nisamehe.