Maandishi ya Nyuma ya Kopo

Msichana niliyemwajiri saluni kwangu, Soweto hapa Mbeya, alikuwa na mikono ambayo wateja walianza kuiulizia mapema sana. "Yule binti yupo leo?" Wakiambiwa katoka, wanasema watarudi. Kusuka alijifunzia kwenye simu. Anatazama video ya msuko, anairudisha nyuma kidogo, kisha anaweka simu pembeni na vidole vinaanza kukimbia. Mimi kazi hii nimeisomea chuo kule kwetu Iringa, lakini ipo misuko niliyofundishwa na yeye.

Siku mambo yalipoharibika nilikuwa nimekwenda soko la Mwanjelwa kununua rasta za kusukia. Niliporudi nilimkuta mteja mmoja, mama wa makamo, ameinamia sinki huku analia, na binti anammwagia maji kichwani. Dawa ya kulainisha nywele ilikuwa imekaa kichwani kupita kiasi. Nyuma ya masikio ngozi ilikuwa imechubuka na kuwa nyekundu.

Nilimpeleka yule mama zahanati, wakamsafisha na kumpa dawa ya kupaka. Kisha nikarudi saluni. Kopo lenyewe lilikuwa la aina mpya, hatujawahi kuitumia.

"Kwa nini hukufuata maelekezo?" nikamwuliza.

"Nilitazama video, dada. Yule wa kwenye video aliiacha mpaka akamaliza kuongea."

"Na hapa nyuma wameandikaje?"

Akalishika kopo. Upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kiswahili. Aliuangalia ule wa Kiswahili kwa muda mrefu, midomo ikicheza bila sauti. Halafu akasema, "Sioni vizuri." Ilikuwa mchana, mlango uko wazi, jua limeingia mpaka kwenye kioo.

Nilifunga mlango, nikamkalisha kwenye kiti cha wateja, nikamwambia anieleze taratibu. Kwao ni Wasukuma, wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe. Alianza darasa la kwanza akijua Kisukuma peke yake.

"Mwalimu akisema someni, tunasoma wote kwa sauti," alisema. "Mimi nafuatisha wenzangu. Nilikuwa na sauti kubwa kuliko wote, kwa hiyo mwalimu alinipenda."

Malisho yalipopungua familia ilihama, naye akahama shule. Kila mwalimu aliyempokea aliamini mwenzake alishamfundisha. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa wa kuchagua jibu, akachagua. Baada ya hapo akapata simu, na simu ikamfichia kila kitu. Nilipofikiria, nikaona kweli hajawahi kuniandikia neno hata moja. Ni sauti tu anarekodi na kutuma, au picha, au kile kidole gumba cha kukubali.

Jamaa zangu walinishauri nimwondoe. Mimi niliona kwamba nikimwondoa atakwenda saluni nyingine na kuunguza mtu mwingine. Nikamwambia, "Hapa utabaki, lakini utasoma. Kila asubuhi kabla hatujafungua."

"Dada, siku hizi simu inasoma yenyewe. Unaielekezea tu, inakusomea."

"Haya, ikusomee hilo kopo."

Akalipiga picha, akabonyeza anapopajua. Simu ilianza kukisoma Kiswahili kwa lafudhi ya Kizungu, dakika zikawa kitu ambacho hatujawahi kukisikia, maji yakawa jina la mtu. Alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka. Kesho yake alifika mapema kuliko mimi.

Nilikatakata maboksi ya rasta yakawa vikadi, nikaandika silabi. Hapo ndipo nilipoelewa kazi ilivyo. Ba be bi bo bu aliijua yote kama wimbo, lakini nikimwonyesha bo peke yake lazima aanzie ba aifuate mpaka aifikie. Nilivichanganya vikadi. Alikasirika, akanuna siku nzima. Mimi nilivichanganya tena asubuhi iliyofuata.

Jirani yangu ni mzee Mhindi mwenye duka la madaftari na kalamu, na kinachotutenganisha ni ukuta wa mbao. Siku moja alikuja na rundo la vitabu vya watoto.

"Panya wamekula pembe, siwezi kuuza," alisema. "Mwambie binti asome kwa sauti. Mimi nasikia mpaka dukani. Akikosea nitagonga ukuta."

Aligonga kweli. Mwanzoni binti alikuwa akishtuka kila ukuta ukilia. Baadaye akazoea, akawa anasimama, anarudia neno, anasubiri kimya cha mzee, anaendelea.

Watoto waliingia wenyewe kwenye somo. Wanakuja na mama zao, na kusuka kunachukua muda, kwa hiyo wanapewa simu watulie. Siku moja binti alikuwa anasoma wakati wa kusubiri mteja, akakwama kwenye neno. Mtoto wa kike aliyekuwa kwenye benchi akaacha katuni, akaja akasimama karibu, akasema, "Ni mbwa." Niliona uso wa binti ukibadilika, nikajua ataufunga ukurasa. Hakuufunga. Alisogea kidogo, akampa nafasi mtoto, akamwambia, "Endelea wewe, halafu mimi."

Mtoto alisoma sentensi ile, ya pili akaanza kubahatisha kwa kutazama picha. Binti akaifunika picha kwa kiganja.

"Sasa soma," alimwambia. "Hiyo janja ya picha naijua."

Kuanzia hapo nikaweka kikapu mlangoni. Mtoto akiingia, simu inakwenda kikapuni na yeye anachukua kitabu. Mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alikataa.

"Nimekuja kusuka, sikuja shule. Mpe mtoto simu."

"Akishasoma ukurasa mmoja nitampa."

Aliondoka na kichwa nusu, akaenda kumalizia pengine, na hajarudi. Iliniuma, kwa sababu alikuwa mtu wangu. Kikapu sikukiondoa. Wengine walizoea, na wapo wanaochungulia kitabu cha mtoto huku kichwa kikivutwa, midomo yao ikifuata maneno polepole. Hao siwaulizi kitu. Nawasogezea kitabu karibu na mwanga.

Binti hakuwa msomaji wa haraka, na hadi leo si wa haraka. Lakini mwaka huu, baridi ilipoanza, aliomba ruhusa aende Usangu kuwaona wazazi, nikampa wiki moja. Wiki ikapita. Nilikuwa namsuka mtu simu ilipolia. Nikafuta mafuta mikononi, nikafungua nikitegemea kusikia sauti yake. Yalikuwa maandishi.

"Dada shikamo. Mdogo angu yuko darasa la tatu anaimba tu hajui kusoma kama mimi. Walimu hawajajua. Nimekata maboksi. Naomba nibaki mpaka ajue."

Nilisoma mara ya pili, mteja akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hakuna. Nikamjibu binti kwa maandishi pia, kwa herufi kubwa ili asisumbuke, kwamba abaki muda anaouhitaji. Kisha nikarudi kwenye kile kichwa, na wateja wake walipomwulizia niliwaambia ukweli, kwamba yupo kazini.