Mafua Hayapelekwi Chini ya Bahari

Siku moja naikumbuka, mwanangu, hata nikitaka kuisahau haiondoki. Ndiyo siku mimi na mdogo wangu Rashidi tulipozamia kwenye ile meli ya chuma iliyozama nje ya Likoni enzi za babu zetu. Usinione leo najikokota kwenda sokoni Kongowea ukadhani nilizaliwa hivi. Nilikuwa mzamiaji, tena wa kina kirefu, kule ambako mchana wa jua kali ni kama magharibi. Mama alikubali mimi, mtoto wa kike, niifanye kazi hiyo kwa sharti moja tu, Rashidi awe nami. Mlinzi wangu, eti! Mlinzi niliyekuwa nikimfunga kamba za viatu akienda chuoni kusoma Kurani.

Aliyetufunza ni Mzee Kazungu wa Kisauni, ambaye ujana wake aliumaliza bandarini akichomea matumbo ya meli chini ya maji. Alitufunza kuigawa gesi ya mitungini mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, na la tatu ni la mwenzio akipatwa na jambo. Alitufunza pia kwamba aliyekaa kina kirefu hapandi mbio, maana mwili umeshainywa ile gesi, na ukiharakisha hutoa mapovu ndani ya damu. Hupanda kwa kamba, akatua, akangoja, ndipo akapanda tena. Haraka haraka haina baraka, na kule inaua.

Tulikuwa tumengoja msimu mzima maji yasafike, tuupime usukani wa meli ile na kuupiga picha kwa ajili ya watu wa mambo ya kale. Asubuhi, nyumbani kwetu Bofu, nilimuuliza Rashidi, "U hali gani?" Akajibu, "Njema, alhamdulillahi." Sauti ilimtokea puani. Niliisikia, nikanyamaza. Sikujua kwamba alikuwa amemeza vidonge vya mafua ili pua ifunguke, asiikose siku ile.

Kushuka kulikwenda vyema, na usukani tuliupima. Tulipoanza kupanda, vidonge vikaisha nguvu. Rashidi akajishika kipaji cha uso, akashuka tena. Nikamfuata, nikamwashiria tupande. Akatikisa kichwa, akachukua kibao chetu cha kuandikia chini ya maji, akaandika: MAFUA. Hapo nikaelewa. Hewa iliyofungika kichwani mwake ilikuwa ikitanuka kila tukipanda, na haikuwa na pa kutokea. Akipanda kichwa kinapasuka, akibaki gesi inakwisha. Niliogopa, sikufichi. Nilimfikiria mama aliyetungoja nyumbani, nikaapa moyoni kwamba sitamrudia na mtoto mmoja.

Nikamkamata mkanda wa kifuani. Tukapanda shubiri moja, maumivu yakimzidi tukarudi nusu yake, tukatulia, tukapanda tena. Alinipiga ngumi, alinisukuma, sikumwachia. Gesi yake ilipokaribia kwisha nilimpa mpira wa mtungi wangu, akavuta lile fungu la tatu. Damu ilijaa kwenye miwani yake hata sikuyaona macho. Tuling'ang'ana hivyo hivyo, kituo baada ya kituo, bila kuruka hata kimoja, mpaka tukatoa vichwa juani.

Mzee Kazungu, aliyekuwa akitungoja juu na mabaharia wake, alitupandisha mashuani, akampangusa Rashidi uso, akamwekea oksijeni. Kisha akaniita.

"Saida."

"Abee, mzee."

"Asubuhi ulimuuliza nduguyo hali?"

"Nilimuuliza. Akasema njema."

"Ulimwamkia, mwanangu. Hukumuuliza. Sisi watu wa pwani hata tukikata roho twajibu njema, ndiyo adabu yetu. Lakini maji hayaijui adabu hiyo. Sauti yake hukuisikia?"

"Niliisikia, mzee."

"Basi ungemwambia leo hushuki. Angenuna. Mwache anune!"

Nililia pale pale, mbele ya wanaume wote wa mashua, wala sikuona haya. Rashidi alipona, ila sikio lake la kushoto halisikii vyema hadi leo. Msimu uliofuata tulirudi kwenye meli ile ile, maana kazi haikuwa imekwisha, na mimi si mtu wa kuacha kazi katikati. Lakini kabla ya kuvaa mitungi, kila mmoja alitaja kinachomsumbua, hata kama ni jino. Kuna siku tulirudi pwani wakavu kabisa, na hakuna aliyelaumiwa.

Mwanangu unayejifunza kuzamia sasa, nimeiona hiyo kompyuta uliyoifunga mkononi. Inakuhesabia kina na gesi, lakini haijui kama umedanganya. Mficha maradhi kifo humuumbua, na huku kwetu humuumbua pamoja na mwenziwe. Ukiumwa, sema, hata kama siku hiyo umeingoja mwaka mzima. Meli iliyolala chini tangu enzi za babu zetu haiendi popote. Na ukisikia mwenzio ana kasoro, usiridhike na njema yake. Mkabili, mkatalie, ukubali kununiwa. Mwenyezi Mungu akujaalie pumzi ya kutosha, na akupe ndugu atakayethubutu kukwambia, "Leo hushuki."