Alichosikia Fundi

Nilianza kazi siku ya Jumatatu, wiki ya pili ya likizo ya Juni, saa mbili na robo asubuhi. Saa naijua kwa sababu redio ya Bibi ilikuwa imemaliza taarifa ya habari muda si mrefu. Ilikuwa baridi yetu ile ya Sumbawanga, ambayo sweta ya shule haiwezi kuizuia. Kituo changu cha kwanza kilikuwa uani kwa Babu, hapa Katandala, na cheo changu kilikuwa mshika taa. Taa yenyewe ilikuwa tochi ya simu ya Bibi.

Naandika haya kwa ajili yenu, wadogo zangu, ambao najua mnasoma daftari hili nikiwa bwenini. Safari hii nawaruhusu.

Mkuu wangu wa kazi alikuwa Babu mwenyewe, fundi mstaafu wa karakana ya serikali. Gari lilikuwa lile pikapu lake la kijani alilolinunua kwenye mnada mwaka aliostaafu, lenye umri mkubwa kuliko mama yetu. Tangu Pasaka lilikuwa linagonga, na Babu alikwishatoa hukumu: beringi za chini zimekufa. Beringi ni yale mabamba laini yanayobeba mhimili mkuu wa injini. Zikifa kwenye gari la umri ule, spea hakuna, basi injini nayo ndiyo imekwenda. Kwa hiyo alimpigia simu jamaa wa vyuma chakavu aje Alhamisi saa nane mchana. Baada ya kukata simu aliacha kumaliza chakula. Hata ugali wa ulezi, ambao huula mpaka akakwangua sahani, alikuwa anaumega mara mbili tatu kisha ananawa.

"Mume wetu hali, mke mwenzangu," Bibi aliniambia. "Hebu nenda kakae naye kwenye hilo gari, nisije nikazika viwili kwa mpigo."

Kazi ya siku hiyo ilikuwa kuandika kadi. Kule karakana, kila gari lililoingia lilifunguliwa kadi ya kazi: juu malalamiko ya dereva, katikati alichosikia fundi, chini alichofanya fundi. Babu anasema hata gari la kutupwa halitoki bila kadi. Amebaki na bunda lake la kadi za zamani, za rangi ya maziwa, kwenye sanduku la spana.

Aliwasha injini, akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiegemeza kwenye chuma na mpini akaubana kwenye sikio lake la kulia. Ndivyo mafundi wanavyosikiliza ndani, kama daktari na kipimo chake. Halafu akachomoa waya za plagi moja baada ya nyingine na kuzirudisha. Alinieleza kwamba kama ugonjwa uko chini, ukichomoa waya wa silinda yenye ugonjwa, beringi yake inapunguziwa mzigo na kelele inapoa.

"Umesikia inavyopoa?" akauliza. Akanipa bisibisi. "Sikiliza na wewe, mchumba. Sikiliza chini."

Nilisikiliza. Sikusikia chini kitu. Nilisikia juu, tik tik tik, kavu na nyepesi, kama mtu anayegonga sufuria kwa kijiko. Na alipochomoa waya zote kwa zamu, ile tik haikupoa hata kidogo. Iliendelea vilevile.

"Umesikia?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Nitasema ukweli kwa kuwa hapa ni kwangu. Mimi nina aibu. Darasani najua jibu, nanyamaza mpaka mwingine alikosee. Sasa kumwambia Babu, ambaye ametengeneza magari miaka yote hiyo, kwamba amekosea? Tena kulikuwa na jambo jingine ambalo nyumbani wote tunalijua na hakuna anayelitaja. Babu hasikii vizuri. Ukimwambia "Shikamoo" anajibu "Marahaba." Ukimwambia "Babu, chai tayari" anajibu "Marahaba." Siku moja Bibi alimwambia mbuzi amekula suruali yake kwenye kamba, akajibu "Marahaba, mama." Tulicheka, yeye akacheka pamoja nasi, na macho yake yakawa yanatuangalia midomo.

Kwa hiyo pale kwenye kadi, sehemu ya alichosikia fundi, Babu aliiacha wazi akaniambia nitaandika mimi baadaye, mwandiko wangu ni mzuri. Mimi niliona bora nihamishwe kituo.

Jumanne nilihamishwa kweli. Nilipelekwa kwenye ndoo ya mafuta ya taa, kuosha nati na boliti alizozitoa ili abaki nazo. Kazi ya kuosha nati ina baridi kuliko unavyodhani. Babu alikaa kwenye tairi akanisimulia vituo vyake. Alianzia hapa mjini, chini ya Msimamizi wa Karakana, mtu mfupi aliyevaa tai hata akiwa chini ya lori. Akapelekwa Namanyere, ambako Mkuu wa Usafiri alikuwa akipima oili kwa kidole na kukinusa. Kisha Kasanga.

Nilisogea upande wake wa kushoto, nikainua sauti kidogo. "Kasanga ulikaa muda gani, Babu?"

"Kasanga nilikaa na aibu," alisema.

Lilikuwepo gari la ofisi pale bandarini lililokuwa likigonga. Fundi Mkuu aliyekuwa naye huko alisikiliza akasema beringi. Babu alikuwa kijana, akasikiliza, akasikia roka, vyuma vya juu ya injini. Akanyamaza. Waliteremsha injini nzima kando ya ziwa, wakaifungua kipande kwa kipande juu ya turubai, siku tatu, mchanga ukiingia kila mahali. Beringi zilikuwa nzima. Walipoirudisha, kelele ilikuwepo palepale, na sasa injini ilikuwa imekula mchanga. Haikumaliza mwezi.

"Msimamizi wa Karakana akaniita mjini. Akaniuliza, 'Wewe ulisikia nini siku ile?' Nikasema, 'Roka, bwana.' Akasema, 'Kwenye kadi umeandika nini?' Nikasema, 'Beringi, bwana. Fundi Mkuu alisema beringi.' Akavua miwani. 'Kijana, hapo hapakuulizwa Fundi Mkuu kasema nini. Pameandikwa alichosikia fundi. Wewe ni fundi au ni mwangwi?'"

Babu alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nati iliniponyoka ikazama kwenye ndoo.

Usiku wa Jumanne nililala vibaya. Jumatano asubuhi nilichukua ile kadi, na mahali pake nikaandika: Kelele inatoka juu. Ni nyepesi, tik tik. Waya wa plagi ukichomolewa haibadiliki. Nikaiweka juu ya kifuniko cha injini, nikaenda kusimama nyuma ya jiko la Bibi kama mtu aliyevunja kioo.

Babu aliisoma kwa mbali, halafu kwa karibu. Aliniita.

"Huu ni mwandiko wako?"

"Ndiyo, Babu."

"Juzi nilikuuliza ukakubali."

"Nilikubali kwa kichwa tu."

"Kwa kichwa tu!" Aliiangalia kadi tena. Nilijua anasoma maneno mengine ambayo sikuyaandika, kwamba sikio lake halikuisikia ile tik. Mkono wake ulikwenda kwenye sikio la kulia, ukalishika, ukashuka. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Lete spana namba kumi na tatu. Tufungue kava la juu."

Chini ya kava ndipo zilipo roka, vyuma vifupi vinavyopanda na kushuka kama mizani ya dukani. Upande mmoja husukumwa na fimbo itokayo chini, upande wa pili hubonyeza valvu, yaani mlango mdogo wa silinda. Kati ya roka na valvu huachwa nafasi nyembamba. Ikizidi, roka inagonga badala ya kubonyeza. Babu aliniita niangalie mwisho wa nyuma: roka mbili zilikuwa kavu, hazina oili, huku nyingine zote ziking'aa. Tundu la oili kwenye shafti inayozibeba lilikuwa limeziba kwa uchafu mweusi. Nilipandishwa cheo papo hapo, nikapewa spoki ya baiskeli nizibue. Ule uchafu ulitoka kama ugali ulioungua.

Kisha tukaseti nafasi. Babu alizungusha injini kwa hendeli, mimi nikaingiza fila, kile kibamba chembamba cha kupimia, mpaka kikapita kwa kukwaruza kidogo. Tulikaza. Alhamisi saa nne asubuhi tukawasha.

Tik tik tik.

Ilikuwa imepungua, lakini ipo. Babu alinitazama usoni kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kujua, na uso wangu ulimjibu. Nilitamani ardhi inimeze. Nikawaza: kumbe nimemtia Babu aibu bure, tena jamaa wa vyuma chakavu anakuja saa nane.

"Fila yangu ilipita sawa, Babu," nikasema. "Naapa ilipita."

Alizima. Akaondoa kava tena, akafumba macho, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye ncha ya roka, mahali inapogusa valvu. Alipofika ya nyuma kabisa alisimama. Akashika kidole changu akakiburuta palepale. Kulikuwa na kishimo, kidogo kuliko punje ya ulezi.

"Fila imekudanganya," alisema. "Imekaa juu ya kishimo kama daraja. Wewe unapima daraja, mto uko chini. Kwa ukavu ule roka imelika mpaka ikachimbika."

Alitoa roka ile akaisugua kwenye jiwe la kunolea, taratibu, akiijaribu kwa ukucha, mpaka kishimo kikaisha. Mimi ningeiona iko sawa mapema zaidi. Yeye macho yake ni mabovu na masikio ni mabovu, lakini ule ukucha ulikuwa bado uko kazini.

Tuliirudisha, tukaseti nafasi upya, na saa saba na nusu tukawasha. Injini ilitulia. Ikanguruma kama mtu anayeongea peke yake usingizini, bila tik yoyote. Nilisikiliza kwa bisibisi juu, chini, mbele, nyuma.

"Inasemaje?" Babu aliuliza.

"Imenyamaza," nikasema.

"Marahaba."

Basi nikavuta pumzi, nikapiga kelele ambayo sijawahi kuipiga mbele ya mtu mzima: "IMENYAMAZA, BABU! IMEPONA!"

Bibi alitoka jikoni na mwiko. Jirani alichungulia juu ya ukuta. Babu alikaa kwenye tairi, akavua kofia, akajifuta uso mzima kwa kitambaa chenye oili, hata akabaki na masharubu meusi.

Jamaa wa vyuma chakavu alifika na kirikuu, kigari chake cha mizigo, saa nane na dakika zake. "Shikamoo mzee. Mzigo uko wapi?"

"Mzigo unakwenda mashineni kusaga mahindi," Babu alimjibu. "Ukitaka lifti, panda nyuma."

Jioni ile alimaliza sahani, akaongezewa, akamaliza. Nami nikatangazwa kustaafu, kwa kuwa Jumapili narudi shule. Siku nne si nyingi, lakini nimejifunza kwamba ninachokisikia kina mahali pake pa kuandikwa, hata kama naona aibu kukisema. Babu aliiandika sehemu ya chini ya kadi kwa mkono wake, akaweka jina langu kwanza, lake pili.

Asubuhi yake, Ijumaa, niliamka kabla ya Bibi. Nilitoa kadi mpya kwenye sanduku la spana. Mahali pa gari nikaandika: Babu. Mahali pa alichosikia fundi nikaandika: Sikio la kulia halisikii, la kushoto linasikia kiasi. Malalamiko ya dereva nikayaacha wazi. Nikaiweka chini ya kikombe chake cha chai, na safari hii sikukimbilia nyuma ya jiko.

Aliisoma. Alikunywa chai yote kwanza. Kisha akaomba kalamu, akaandika pale palipokuwa wazi: Nimechoka kuitikia nisichokisikia. Akanitupia ufunguo wa pikapu nikafungue mlango, nami nikafungua na geti pia, twende hospitali akapimwe masikio.