Lori la Ng'ambo ya Mto Miño

Eladio Couñago wa Tui, mji wa Hispania mpakani na Ureno, hakuwa mtu wa kunyamaza. Ukivuka daraja kwenda Ureno kununua hata gurudumu, ukirudi utamkuta baani anakungoja. "Msaliti karudi," atasema. "Amaro amuuzie nani sasa, kunguru?"

Amaro ndiye aliyekuwa akiuza malori pale mjini, na ndiye baba wa ubatizo wa binti yake Eladio. Mwishowe duka lilifungwa kwa kukosa wateja. Siku hiyo Eladio alimkumbatia, akalia, akawatukana wote waliomkimbia rafiki yake. Na huku lori lake mwenyewe, jamani, alikuwa amelinunua Valença, ng'ambo ya mto! Mji mzima ulidhani amelitoa kwa Amaro. Amaro hakuuliza, naye hakusema.

Halafu ikajulikana kwamba viwanda vya malori vilikuwa vimekula njama ya kupandisha bei Ulaya nzima. Madereva wa Tui wakaenda kushtaki kwenye mahakama ya mkoa, mjini Pontevedra, na wakili wao, Iria Lamas, akachagua kesi ya Eladio itangulie. Mawakili wa viwanda wakaja juu: mahakama hii haiwahusu.

"Kesi husikilizwa mahali lori liliponunuliwa," Iria aliwaeleza pale baani. "Mzee Eladio, la kwako ulinunua wapi?"

Nusu ya baa ilikuwa inasikiliza. "Hapahapa, kwa Amaro," Eladio akajibu.

"Safi. Basi Amaro ndiye shahidi wetu."

Eladio alikwenda kwa Amaro ili amwambie ukweli. Wakaongea habari za mvua, akarudi nyumbani. Aliona aibu, na kila siku aliyochelewa aibu ilizidi.

Siku ya kesi wakaenda pamoja kwa gari la Eladio. Amaro alikuwa amevaa tai.

"Bwana Amaro," jaji akauliza, "ni wewe uliyemuuzia Eladio lori hili?"

"Mimi."

"Dukani kwako?"

"Dukani kwangu, mheshimiwa. Nikampa na kalenda ya bure juu."

Madereva wakacheka. Eladio alitamani ardhi ipasuke immeze. Kumbe Amaro alijua siku zote lilikonunuliwa! Siku ile duka linafungwa, akimpigapiga mgongoni na kumwambia "basi, ndugu yangu, usilie", alikuwa anajua.

Eladio akajikuta amesimama. "Anadanganya, mheshimiwa. Nilinunua Valença. Ananisitiri tu."

Hakuna aliyecheka tena. Iria aliinamisha kichwa. Jaji akasema kesi za wenzake zitaendelea, ila ya lori hilo akaifungue Ureno. Kisha akamgeukia Amaro, akamwambia asiondoke: kudanganya chini ya kiapo ni kosa la jinai, na jina lake litapelekwa kwa mwendesha mashtaka.

Amaro alikawia sana ndani. Alipotoka alikuwa amevua tai. Eladio akamfuata kwenye ngazi.

"Nisamehe, ndugu yangu."

"La lori nilikusamehe zamani," Amaro akasema. "Wiki nzima mlango wangu ulikuwa wazi kwako, ukaja kuniambia habari za mvua. Ukangoja mpaka nimeshaapa ndipo ukatubu."

"Sikuweza kuvumilia kukuona unadanganya kwa ajili yangu."

"Ukaona heri wewe utakate, mimi nichafuke mbele ya watu. Haya, umetakata."

Eladio akatoa ufunguo wa gari. Amaro aliutazama tu, kisha akamuuliza mlinzi wa mlangoni basi la Tui linapita wapi.